Tua, Mzee Wangu

Jua lilikuwa linazama fundi umeme alipomwacha mama yake nyumbani kwenda kuwasha taa za mtaa mpya. Kazi ya kitoto kabisa. Nguzo zilishasimama, nyaya zilishapimwa, kilichobaki ni kuzijaribu taa kabla wakazi wengine hawajahamia.

"Mimi nazunguka kidogo hapa nje," mama alisema, ameegemea fimbo yake mlangoni.

"Usiende mbali, mama."

"Niende mbali wapi na mguu huu? Umenileta hapa nitembee au nikae kama pambo?"

Fundi akacheka. Ni kweli, alimleta atembee. Tangu mama apigwe na kiharusi, daktari alikuwa akirudia neno lile lile: asipotembea kila siku, mguu wa kushoto utamfia. Lakini walikokuwa wanaishi kulikuwa na ngazi za kuvunja kiuno na malori yasiyomjali mtu. Uwanja wa zamani wa ndege ulipogeuzwa mtaa wa waenda kwa miguu, duka hapa, zahanati pale, benchi kila baada ya hatua chache na gari hata moja haliruhusiwi, fundi aliomba kazi huko huko na nyumba ya chini huko huko. Wakawa wa kwanza kuhamia. Mama huyu ndiye aliyebaki naye duniani, na kila alipomwona akiburuta ule mguu mbele kidogo kuliko jana, moyo wake ulijaa furaha.

Njia kuu ya mtaa ilikuwa ndiyo ile ile iliyotumiwa na ndege kuruka na kushuka, sasa imetandikwa vitofali na kupandwa miti michanga. Mhandisi, bwana mmoja mpenda historia za watu wengine, aliamua nguzo zisimikwe pale pale zilipokuwa taa za uwanja, safu mbili zilizonyooka, ili wakazi wakumbuke.

Wakumbuke nini, hakusema. Lakini mji mzima ulijua. Jioni moja, zamani, umeme ulikatika ndege ikiwa inataka kushuka. Ilizunguka na kuzunguka, watu wakiisikia juu ya mapaa, kisha sauti ikaenda zake. Haikuonekana tena, wala kipande chake. Uwanja ukafungwa.

Ndiyo maana wabeba saruji walikuwa na mwiko wao. Mwenzako akichoka na mfuko begani, humwambii "tua". Unamwambia "shusha", au "weka chini". Fundi aliwacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo hapa hata jua halitui?"

"Linazama," walimjibu, na hakuna aliyecheka.

Alifika kwenye sanduku la umeme, mwanzo kabisa wa njia. Akachomeka fyuzi, akapandisha swichi. Taa zikawaka mbili mbili, zikakimbia mpaka upande wa pili. Zilipendeza, nani abishe! Fundi alisimama mikono kiunoni, akajisifu kimoyomoyo.

Kisha akasikia harufu. Mafuta ya taa... mengi, kama yaliyomwagika.

"Hodi, mwanangu."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama mzee wa makamo, suti ya kizamani, sanduku kubwa begani. Tai yake ilikuwa inapeperuka.

Upepo haukuwepo.

"Tumeona taa," mzee alisema kwa sauti ya chini.

Wakazi wapya hawa, fundi alijiambia, wamewahi. "Karibuni sana. Shikamoo, mzee. Mmetoka mbali?"

"Marahaba. Mbali... Tumezunguka sana."

Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka kwa uzito wa lile sanduku.

"Naweza kutua?" akanong'ona.

Fundi alilelewa vizuri, na adabu ikamtangulia akili.

"Tua, mzee wangu. Tua hapa hapa."

Mzee akatabasamu. Hakutazama chini, mahali pa kuweka mzigo. Alitazama juu.

"Amesema tutue," alisema.

Hakuwa anamwambia yeye.

Fundi alipopepesa macho, pale palikuwa na vitofali vitupu. Ndipo neno likamrudia masikioni, lile alilowachekea wenzake.

Mngurumo ulianzia mbali... Vioo vya taa vikaanza kulia. Akatazama juu, mbingu nyekundu, tupu kabisa. Lakini kule mwisho wa njia miti michanga ilikuwa inalala, jozi kwa jozi, huku na huku, kana kwamba kitu kipana kinapita katikati. Mifuko mitupu ya saruji ikaruka. Na katikati ya njia, mbele ya nyumba yao, mdogo, mgongo umeelekea huko, alikuwa mama na fimbo yake.

"Mama! Toka njiani!"

Mama hakusikia.

Taa, aliwaza. Wanafuata taa. Akizima watabaki juu, vilevile kama siku ile. Aliwaonea huruma, Mungu ni shahidi, mkono ukasita. Kisha akamwona mama akiuvuta ule mguu.

Akaing'oa fyuzi.

Giza. Mngurumo ukampita juu ya kichwa, karibu mno, na ndani yake akasikia watu. Wengi. Walishusha pumzi kwa pamoja, kama abiria walioambiwa safari bado.

Kimya.

Alikimbia njia ndefu yote huku analia, akipapasa gizani. Mama alikuwa ameshafika kwenye benchi la mlangoni, mzima, anajipepea kwa kanga.

"Umeumia? Mama, umeumia?"

"Niumie na nini? Na wewe mbona umezima taa, watu tutajikwaa!"

Fundi akamkumbatia, akamshika uso, mabega, ule mguu. Mzima kweli. Akacheka huku kamasi zinamtoka. Kisha mkono wake ukagusa kitu cha baridi kando ya benchi.

Sanduku.

"La nani hili?"

"La mzee mmoja hivi, mtu wa adabu zake. Kaja anahema, maskini. Anasema huko mbele wamekaribishwa, halafu wakafungiwa mlango usoni. Binadamu wa siku hizi! Akaniuliza kama kwangu wanaweza kutua."

"Ukamjibu nini, mama?"

"Ningemjibu nini mtu amechoka vile? Nikamwambia tueni, baba, tueni."

Fundi alifungua kiganja. Fyuzi ilikuwa humo, bado ya moto.

Kule mwisho wa njia taa mbili zikawaka.

Zikafuata mbili nyingine. Na nyingine, zikija upande wao, pamoja na ile harufu.

"Simama, mama, tuondoke. Nishike shingoni..."

Lakini mama alikuwa anajisogeza pembeni ya benchi, taratibu, akiusaidia ule mguu kwa mikono yake miwili.

"Sogea na wewe, mwanangu," alisema. "Hawa watu wako wengi."