Kisiwa cha Kusini ya Zongwe

Rafiki yetu Wilfried alitoka Kalemie kwa mashua ya tanga, akimpeleka mdogo wake Blandine Moba, akajifungulie kwa mama yao. Walipopita Zongwe, mvua ilitia giza mchana kweupe, na mbele yao kikatokea kisiwa asichokijua. Kutoka ufukweni sauti ya mwanamke ikamwita taratibu, "Papa Wilfried, tupa kamba."

"Yaya, usitupe," Blandine akamnong'oneza kaka yake. "Jina lako amelijulia wapi?"

Lakini maji yalikuwa yakiingia chomboni, Wilfried akatupa. Kamba ikadakwa gizani, mashua ikatulia.

Mvua ilipokatika, kisiwa hakikuwapo. Kamba ilikuwa imeshuka wima ziwani, imekaza, na mashua ilikuwa ikiinama polepole. Wilfried akaikata kwa panga. Ndipo chini ya mbao walizokalia sauti ile ile ikauliza, "Mama Blandine, mutoto ataitwa nani?"