Kiungo Kilichofichwa kwa Rangi

Kila asubuhi Sabiha alianza siku kwa kufagia karakana ya baba yake pale Musoma mjini. Alikusanya vipande vya vyuma, akatenga vile vinavyofaa kutumika tena, kisha akanawa mikono na kunywa uji akiwa amesimama. Baba yake, Mzee Abdulnasir, alikuwa fundi wa mageti na madirisha. Sabiha alikulia katika mlio wa nyundo na harufu ya chuma kilichoungua, na tangu akiwa mdogo aliweza kuunganisha vyuma viwili vikashikana.

Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, akisomea uchomeleaji katika kituo kimoja cha ufundi huko Buhare, pembezoni mwa mji. Pale vijana wa Mara walifundishwa kazi zinazohitajika mkoani kwao, migodini na kwenye vizimba vya kufugia samaki ziwani. Kwa muda mrefu mafundi walikuwa wakiletwa kutoka mbali, huku vijana wa hapo wakiitwa kubeba mizigo tu.

Muhula huo mwalimu wao, Fundi Bernado, aliwapa kazi ya kweli. Kikundi cha wavuvi wa kijiji kimoja cha mwambao, upande wa Bunda, kilitaka kufuga sato kwa sababu samaki walikuwa wameadimika. Vijana walitakiwa kutengeneza fremu ya kizimba kwa mabomba ya chuma, na juu yake iwepo njia nyembamba ya kupita mtu anayelisha samaki.

"Ukimaliza safu moja ya kuchomelea, gonga lile ganda jeusi linaloganda juu yake mpaka libanduke, piga brashi, kagua. Ndipo uweke safu nyingine," alisisitiza Fundi Bernado. "Kuna mtu atasimama juu ya kazi yako, na chini yake ni maji."

Sabiha alipangwa na Enoka, mzaliwa wa kijiji kilekile cha wavuvi. Enoka alifanya kazi polepole. Aligonga, akapiga brashi, akainama kukagua, akapiga brashi tena.

"Enoka, unachomelea au unasugua sufuria?" wenzake walimtania. Sabiha naye alicheka.

Sabiha alikuwa na haraka yake. Mgodi mmoja upande wa Butiama ulikuwa umeahidi kumchukua mwanafunzi mmoja kwa mafunzo ya vitendo, na yeye alitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Siku ya mwisho ilibaki kona moja. Lori la kubeba fremu lilikuwa limeshafika, na Enoka alikuwa ametumwa dukani kununua rangi nyingine. Sabiha akaichomelea ile kona peke yake, mbiombio, bila kugonga ganda. Alipovua ngao ya uso aliona ufa mwembamba kama uzi.

Alijua dawa yake. Ilimpasa akikate kiungo chote na kuanza upya. Lakini dereva alikuwa akipiga honi. Sabiha akafunika ufa kwa safu nyembamba, akailainisha kwa grenda, na juu yake akapaka rangi iliyokuwa imebaki kwenye kopo.

Enoka akarudi. "Umeshamaliza? Umegonga ganda?"

"Nimegonga," alijibu Sabiha bila kumtazama.

Kesho yake fremu ilisukumwa majini juu ya maboya, kwenye maji ya kina kifupi karibu na mawe. Enoka akapanda juu ili afunge wavu. Wimbi likaja, likainua upande mmoja wa fremu. Ukasikika mlio kama wa tawi kavu linalovunjika. Kona ikaachia, na Enoka akaanguka juu ya mawe, mkono ukiwa chini yake. Mama yake, aliyekuwa na akina mama wa kikundi, alikimbilia majini na nguo zake zote.

Enoka alipopelekwa hospitali, maneno yalianza ufukweni.

"Kona ya Enoka hiyo," alisema kijana mmoja. "Sabiha hawezi kukosea. Ni mtoto wa fundi."

Fundi Bernado akamgeukia Sabiha. "Ni kweli? Ni Enoka aliyeichomelea?"

Sabiha aliinama, akaanza kukusanya kamba za wavu. Kimya chake kikachukuliwa kuwa jibu.

Jioni alimkuta baba yake akifunga karakana. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Pole, mwanangu," alisema Mzee Abdulnasir kwa upole. "Nasikia mwenzako ameharibu kazi, na wewe unachafuliwa bure."

Upole huo ndio uliomshinda Sabiha. Akaanza kulia. "Baba, kona ile ni yangu. Niliona ufa, nikauficha kwa rangi."

Baba yake aliketi kwenye benchi. Hakumkaripia. Sabiha alitamani akaripiwe.

"Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Jitande mtandio, twende kwake."

"Baba, watanifukuza!"

"Huenda. Lakini kijana wa watu amelala hospitali, na huku jina lake linaharibiwa. Twende kabla watu hawajalizoea jambo hilo."

Fundi Bernado aliwasikiliza wakiwa wamesimama mlangoni kwake. Uso wake ukabadilika.

"Unajua kesho nilikuwa nakwenda kumwambia nini mama yake?" alimuuliza Sabiha. "Kwamba mwanawe hafai ufundi. Sasa utakwenda wewe, useme uliyoyasema hapa. Na ile nafasi ya mgodini uisahau."

Hospitalini Sabiha alimwamkia Mama Enoka na kusema yote bila kuficha. Mama yule aliukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua.

"Mwanangu angeweza kufa, binti," alisema hatimaye.

Enoka, mkono ukiwa umefungwa plasta ngumu, alitazama dari. "Nilikuuliza kama umegonga ganda," alisema. "Mimi nilikuwaga nakuamini, Sabiha."

Neno hilo lilimuuma kuliko adhabu yoyote.

Fremu iliporudishwa kituoni, Fundi Bernado aliikata ile kona kwa msumeno mbele ya wanafunzi wote. Ndani kulikuwa na mashimo meusi, kama jino lililooza. Hakuna aliyecheka. Kisha akampa Sabiha kazi ya kuirudia. Safari hii aligonga, akapiga brashi, akakagua, na kazi ikamchukua siku nzima. Enoka alipotoka hospitali, yeye ndiye aliyepewa nyundo kuikagua. Aligongagonga kwa mkono wa kushoto, akisikiliza.

"Hapa rudia," alisema.

Sabiha akarudia.

Siku fremu iliporudishwa ziwani, ilielea imara. Akina mama wakafunga wavu, na vifaranga vya sato vikamiminwa ndani. Fundi Bernado akawakusanya wanafunzi ufukweni. Aliwatangazia kwamba Enoka atakwenda mgodini mkono ukipona, na Sabiha atarudia muhula.

"Mkoa huu una dhahabu na una samaki," aliwaambia. "Kazi zitakuja, na nataka zifanywe na nyinyi. Lakini anayeshuka mgodini au kusimama juu ya kizimba hatakuwa amekuona ukifanya kazi. Ataamini tu kwamba ulikuwa mkweli. Kila mtu hukosea. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa lingali chuma tu, kabla halijawa mkono wa mtu."

Sabiha aliinamisha kichwa. Alipokiinua, Mama Enoka alikuwa ameshapanda juu ya fremu na ndoo ya chakula cha samaki. Alipofika kwenye ile kona alisita, akaitazama kwa muda, kisha akaikanyaga.

"Njoo tulishe, binti," alimwita. "Pita hapahapa."

Sabiha akavua viatu, akapanda, akaikanyaga kazi yake mwenyewe.