Upepo wa Tairi la Mbele

Pale kijiweni walimwita Bohari, na jina lilimkaa vizuri kuliko koti lake la mvua. Chini ya kiti cha pikipiki yake, ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe, alibeba kila kitu ambacho wenzake hukikumbuka wakishaharibikiwa: viraka vya mpira vya ukubwa tofauti, gundi, kipande cha msasa, vyuma viwili bapa vya kung'olea tairi, spana, pini za valvu, chupa ya maji ya kupimia pancha, na kitambaa cha kufutia mikono, maana alikuwa mtu wa usafi.

"Bohari, hukosi sindano humo?" walimtania.

"Unataka na uzi wa rangi gani?"

Alicheka nao, lakini moyoni alijivuna. Miaka kumi na saba ya kubeba abiria, na hakuwahi kusukuma pikipiki kwa sababu ya pancha. Mkewe alisema siku akifa atafika huko juu na viraka mfukoni, aanze kuwauliza malaika kama kuna anayevuja.

Ila jioni hiyo kitu kimoja hakikuwepo mfukoni. Pampu. Asubuhi alikuwa amemwazima mwenzake, mtu mzima mmoja mnene waliyemwita Mzee wa Kesho, kwa sababu kila alichoazima aliahidi kukirudisha kesho, na kesho yake haikuwa na tarehe.

Simu iliita jua likiwa limeshuka hadi kwenye mapaa.

"Baba watoto, uko wapi?" Mkewe aliongea harakaharaka. "Kifua kimembana tena. Inhela naitikisa, haitoi kitu."

Nyuma ya sauti yake ulisikika mluzi. Mwembamba. Wa kuvuta na kusukuma. Alikuwa kitinda mimba wao, msichana wa miaka sita, akigombania hewa.

"Mkalishe wima. Nakuja sasa hivi."

Duka la dawa la jirani walikuwa wameishiwa, ikabidi aende mpaka mjini. Alinunua inhela mpya, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akarudi kwa njia ya machimbo ya mawe, ile ya mkato, ambayo watu waliiacha tangu mawe yalipokwisha. Hakukutana na mtu. Jua lilibaki kipande.

Kwenye kona ya machimbo tairi la mbele likatoa mlio mfupi, kama mtu aliyekanyagwa kidole, na usukani ukaanza kucheza.

Pancha.

"Sawa tu," alijiambia. "Dakika kumi."

Na kweli, kazi ilikwenda kama maji. Alichomoa msumari, akang'oa tairi upande mmoja, akavuta tyubu, akaona tundu. Akakwaruza kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia mpaka ikashika, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa kidole gumba huku akihesabu. Akarudisha tyubu ndani, akalibana tairi mahali pake. Kisha mkono ukaingia mfukoni kutafuta pampu. Ukapapasa. Ukapapasa tena.

Alimtukana Mzee wa Kesho kwa lugha tatu, na ya nne akajitukania mwenyewe. Mtu mzima, mfuko mzima, upepo hana!

Alijaribu kuiendesha hivyohivyo, tairi likiwa bapa. Haikufika hatua ishirini, ikamlaza kwenye kokoto. Akapiga simu nyumbani. Ikaita… ikaita… ikakatika yenyewe. Akapiga tena. Hakuna aliyepokea.

Akaanza kung'oa majani pembeni mwa barabara ili ayashindilie ndani ya tairi, kama wafanyavyo wapanda pikipiki waliokwama kabisa. Alikuwa amepata konzi mbili tu aliposikia.

Ffff… ffff…

Alijua sauti hiyo. Mpira unaovuja. Akainua kichwa.

Kutoka upande wa machimbo mtu alikuwa anakuja, anasukuma pikipiki. Kofia ngumu kichwani, kioo kimeshushwa mpaka kidevuni. Magurudumu yalizunguka juu ya kokoto, na kokoto hazikulia.

"Ndugu, pole na safari," Bohari alimwita kwa furaha ya kweli. "Na wewe umepata pancha? Tusaidiane. Viraka ninavyo, kilichonishinda ni pampu."

Mtu yule alisimama. Alinuka gundi ya zamani, mpira ulioungua, na udongo uliofukuliwa.

"Kiraka," alinong'ona. "Una kiraka?"

"Ninavyo vya kumwaga. Wewe una pampu?"

"Pampu sina. Nina upepo."

Bohari alitaka kucheka. Macho yake yakashuka, kwa mazoea ya kazi, kwenye matairi ya mgeni. La mbele lilikuwa limejaa. La nyuma pia. Magumu kama jiwe.

Ffff… ffff…

Sauti haikutoka chini. Ilitoka juu, kwenye usawa wa moyo wake yeye Bohari.

Mgeni alifungua koti, vifungo viwili tu. Katikati ya kifua palikuwa na tundu, duara, pana kiasi cha kidole gumba. Halikutoka damu. Kingo zake zilikuwa kavu na nyeusi, zikifunguka na kujifunga… zikifunguka na kujifunga.

Majani yalimponyoka Bohari mikononi. Miguu iliamua kukimbia kabla yake, ikampeleka hatua tano.

"Nyumba ya mlango wa buluu," sauti ilimfuata, ndogo, bila haraka. "Mkabala na mashine ya kusaga. Nimeokota kitu karibu na hapo."

Miguu ikagoma.

Mlango huo aliupaka rangi yeye mwenyewe.

"Umeokota nini?"

"Pumzi. Ya mtoto. Ilikuwa imeshatoka nje, inahangaika barabarani. Inapiga mluzi."

Na ndani ya ile ffff, mbali kabisa, Bohari akausikia. Mwembamba. Wa kuvuta na kusukuma.

Alirudi.

"Nirudishie mwanangu."

"Ndio nilikuwa naileta. Inanivuja njiani. Imebaki nusu." Mgeni akapiga magoti kwenye kokoto. "Ziba kwanza."

Akaziba. Kile alichokifanya mara elfu kwenye mipira alikifanya hapo. Alikwaruza kingo kwa msasa, ukadondoka unga mweupe, mkavu. Alipaka gundi. Kwa mazoea akainama aipulizie.

"Usipulize!"

Akasubiri ishike yenyewe. Kile kifua kilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje. Akabandika kiraka, akakandamiza. Ffff ikapungua. Haikuisha.

"Na la mgongoni," alinong'ona yule mtu. "Chuma kiliingia huku, kikatokea kule."

La mgongoni lilikuwa pana zaidi. Bohari alitumia kiraka kikubwa kuliko vyote. Kisha, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kufanya kazi, akachukua chupa, akamwagia maji mbele na nyuma, akatazama. Hapakutoka povu. Kimya kilishuka kwenye ile kona mpaka masikio yakauma.

"Sasa twende," alisema. "Panda nyuma yangu, twende tumpe mtoto."

"Mimi mwisho wangu hii kona." Kioo kilimgeukia. Ndani yake hapakuonekana kitu. "Utaibeba wewe. Una chombo gani cha kubebea hewa?"

Bohari alitazama huku na huku kama mjinga. Mfuko wa turubai. Chupa ya maji. Mikono yake miwili. Ndipo macho yakatua kwenye tairi.

Alinyoosha kidole.

Mgeni aliinamia gurudumu la mbele, akainua kioo kidogo sana, akaweka mdomo kwenye valvu. Akapuliza mara moja. Pumzi moja, ndefu… ndefu… na tairi likainuka kutoka kwenye kokoto kama mtu anayeamka usingizini. Likawa gumu. Likawa na joto.

"Funga kifuniko. Ukifika usiiguse hiyo valvu. Humo ndimo nyumbani kwake sasa. Ukifungua itatoka tena, na safari ya pili sitakuwepo njiani kuidaka."

"Lakini wewe ni na—"

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya gundi tu, na unga mweupe kwenye kokoto.

Aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila shimo alilikwepa, na aliloshindwa kulikwepa alilisikia tumboni. Giza lilikuwa ndio kwanza linaingia alipofika kwenye mlango wa buluu.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani, anakunywa maji. Mama yake alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta, uso umevimba kwa kulia.

"Alinyamaza," alisema. "Jua linazama, akanyamaza kabisa, Baba watoto. Midomo ikawa ya buluu. Simu ilikuwa inaita na mikono yangu haiwezi. Nimemwita mpaka sauti imekauka. Halafu akavuta hewa, mara moja, kama mtu aliyetoka chini ya maji."

"Na sasa?"

"Sikiliza mwenyewe."

Alisikiliza. Kifua safi. Hata mluzi mmoja hakuna.

"Ila alikuwa anashtukashtuka," mkewe aliongeza. "Analia kwamba kitanda kinamrusha, kwamba kuna mashimo. Kitandani, mashimo?"

Bohari aligeuka, akaitazama pikipiki pale nje ya mlango.

Kesho yake alimweleza Mzee wa Kesho, na kwa mara ya kwanza yule mtu hakuwa na utani. Alisema zamani, machimbo yakiwa bado yanafanya kazi, mpanda pikipiki mmoja aliingia nyuma ya lori la nondo kwenye kona ile. Ilikuwa jioni, kila mtu anawahi kwake. Akakaa pale hai, anavuja pumzi, mpaka jua likazama.

"Na hakuna aliyesimama?"

Mzee wa Kesho aliinamisha kichwa, akairudisha pampu mikononi mwa mwenyewe.

"Nilikuwa na abiria," alisema. "Nilisema nikimshusha nitarudi."

Hayo ndiyo aliyoyapata Bohari kwa maelezo. Mengine hakuna aliyemweleza.

Pikipiki haikutoka tena. Aliiingiza ndani, chumba cha mtoto, akaisimamisha juu ya matofali ili tairi la mbele lisiguse sakafu, akaizungushia ubao. Kazini alitumia pikipiki ya kukodi, na kijiweni walicheka mpaka wakachoka: Bohari kaoa mke wa pili, kamlaza na binti yake! Alicheka nao. Mtoto alikua. Alikimbia, aliruka kamba, aliimba kwa sauti iliyowachosha majirani, na inhela ile iliisha muda wake kwenye mfuko wa shati bila kufunguliwa. Mkewe alijua. Hakuwahi kuuliza mara mbili.

Tairi halikupungua hata kidogo. Mwaka ukapita, ukapita na wa pili, likabaki gumu na la moto kama siku ile.

Lakini mpira ni mpira. Aliyefanya kazi na mipira anajua kwamba hata ukiuweka kabatini, hata usipouendesha, unazeeka peke yake.

Jioni moja katika mwaka wa sita, nyumba ikinuka moto wa jikoni, alipiga magoti mbele ya gurudumu kama alivyofanya kila siku. Akapitisha kidole ubavuni mwa tairi. Kidole kikakwama kwenye ufa. Mdogo, kama wa kisigino. Akatema mate kwenye kidole, akapaka, akasubiri.

Povu moja likavimba. Likapasuka.

Kitandani msichana wake, aliyekuwa anasoma kitabu, alikohoa.

Bohari alitazama mfuko wa turubai uliokuwa ukutani. Humo mlikuwa na viraka, gundi, msasa, na pampu mbili sasa, maana hakuazimisha tena. Alivipitia vyote kichwani, kimoja kimoja. Alikuwa ameziba pancha elfu, na zote kwa njia moja, kwa sababu hakuna nyingine: tyubu huwezi kuiziba ikiwa imejaa. Lazima kwanza uitoe upepo wote. Hata ile dawa ya maji ya kuzibia inaingilia kwenye valvu, pini ikiwa imetolewa.

Siku moja tu, miaka ya nyuma, alijaribu kuongeza upepo wa pampu, sukumo moja, aone. Mtoto aliamka akipiga kelele, "Nani ananipulizia?", na kwa siku tatu mdomo wake ulinuka mpira.

Povu la pili likavimba.

Aliweka kidole gumba juu ya ufa, akakandamiza. Nyuma yake kikohozi kikatulia. Alisikia ukurasa wa kitabu ukifunuliwa.

"Baba," msichana aliuliza, "mbona umekaa hapo?"

"Natazama tu."

"Unatazama nini?"

"Soma, mama."

Mkewe aliita kutoka jikoni kwamba chakula kiko tayari, waje wanawe mikono.

"Tangulieni," Bohari alisema. "Nakuja."

Alisikia mtoto akishuka kitandani, akipita nyuma yake kwa miguu mitupu, akicheka kitu alichokisoma. Alisikia viti vikivutwa. Jikoni walimsubiri kidogo, kisha sahani zikaanza kulia.

Kidole kilianza kufa ganzi. Akaleta cha mkono wa pili, taratibu, akakiweka juu yake kabla hajakiondoa cha kwanza.

"Baba watoto! Chakula kinapoa!"

"Nakuja," alisema, na hakunyanyuka.