Majina Yaliyotoka Wazi

Walikutana Kasindi mwaka 2002, kwenye foleni ya forodha, malori yakinguruma pande zote. Kavugho alikuwa amefunga mgongoni kompyuta kuukuu kutoka Uganda kwa kitenge cha njano. Nyuma yake kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, naye kakumbatia kompyuta yake.

"Mama, ile mutoto yako iko muzito. Nikusaidie?"

"Beba kwanza yako, Papa."

Akacheka. Aliitwa Éliakim, na tangu hapo haikupita siku bila simu, yeye Beni, Kavugho Butembo, kila mmoja kwenye ofisi ya parokia akiandikisha waliokimbia vita. Kavugho aliandika programu ya kuwaorodhesha. Éliakim aliandika maktaba, yaani faili la kazi ndogo ndogo ambalo programu huliazima kila inapowashwa. Kazi moja iliitwa ficha: iligeuza majina kuwa namba, maana askari walikuwa wakiwasaka baadhi ya watu hao.

Machi iliyofuata orodha ya wakimbizi wa Beni ikamfikia Kavugho ndani ya bahasha. Majina yote wazi.

"Éliakim, uliondosha ficha?"

"Hapana, chérie. Iko mule."

"Mais majina inatoka! Na dada yangu Jokébed alikuona na komanda, munakunywa bière."

"Ile nitakuelezea kisha."

Kisha! Akamwomba Abbé Salomon, padri wa Beni, amnyang'anye Éliakim funguo za ofisi, na Abbé akafanya hivyo mbele ya wakimbizi wote.

Kesho yake Kavugho alikuwa Beni mbele ya mashine ya Éliakim, mwenyewe nje juani. Aliorodhesha kazi zilizomo ndani ya maktaba ya Éliakim. Ficha ilikuwemo, kamili. Hakuamini. Akaiuliza mashine ni maktaba ipi hasa programu inaichukua. Si hiyo! Ilichukua nyingine, kwenye folda ambamo mashine hutafuta kwanza: maktaba ya majaribio, ambamo ficha ilikuwa tupu, inarudisha jina kama lilivyo. Aliyeiacha pale mwezi wa Januari, alipokuja kuiweka programu, ni yeye mwenyewe.

Akaifuta, akatoka nje.

"Kosa ni yangu. Ni miye niliacha faili ya zamani mule."

Éliakim hakumtazama. "Yule komanda nilikuwa namuomba kibali ya njia. Baba zangu bakuje kwa baba yako na mbuzi ya mahari."

Kavugho alitamani ardhi ipasuke immeze. "Na sasa?"

"Sasa batu bote banasema miye ni musaliti. Nitaoa namna gani?"

Pale uani watu walikuwa wamepanga foleni ya maharage. Kavugho akapanda juu ya benchi.

"Munisikie! Huyu hakuuzisha majina yenu. Kosa ni ya miye, Kavugho wa Butembo. Mukitaka kutukana, munitukane miye!"

Mama mmoja mwenye sufuria akamtazama juu hadi chini. "Donc, kama iko mutu muzuri hivi, unangojea nini kuolewa naye?"

"Mbuzi," Kavugho akajibu huku akilia.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Éliakim alichelewa kucheka, lakini alicheka, akamnyooshea mkono ashuke.