Jina Alilopewa Mashine

Mashine ililia saa nane na dakika kumi mchana, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Ilikuwa juu ya meza ya Mwalimu Abuto, imezimwa, kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani. Wanafunzi kumi na mmoja wa tawi la chuo kikuu pale Migori waliinua vichwa kutoka kwenye madaftari yao.

"Mwalimu, imejiwasha," alisema Machuki, aliyekuwa amekaa mbele kabisa. Akainama kusoma kioo. "Mwenyewe: Ong'ele. Sasa Ong'ele ni nani?"

"Ni kengele tu ya kukumbusha," Abuto alijibu, akaizima haraka.

Hakuwa ameweka kengele yoyote. Halafu harufu ya miwa iliyoungua ikaingia darasani, harufu nzito yenye utamu wa kuchefua, na msimu wa kuchoma mashamba ulikuwa haujafika. Machuki alichungulia dirishani, lakini hakuona moshi.

Huo ulikuwa mwaka wa 1998, na kompyuta ya mkononi ilikuwa hiyo moja tu katika tawi zima. Abuto alikaa Nairobi miezi mitatu akifunzwa mfumo endeshi wake, akarudi nayo ndani ya mkoba, kifua mbele. Kuna jambo moja alilopenda sana kufundisha: kwamba humo ndani hakuna programu inayokufa. Ukiifunga, imelala. Ukizima mashine yenyewe, nayo imelala, na kila ulichoandika kinabaki kwenye kumbukumbu maadamu betri mbili nyembamba ziko mahali pake. Zitoe, ngoja dakika moja, kila kitu kimefutika.

Ambalo msomi wetu hakumwambia mtu ni hili. Mashine ikiwashwa mara ya kwanza huuliza jina la mwenyewe. Wiki hiyo hiyo kaka yake Ong'ele, aliyeacha shule kidato cha pili akaenda kukata miwa ili Abuto asome, alikuwa amefia hospitalini Homa Bay kwa ugonjwa wa kifua. Abuto hakwenda mazishini. Alibaki Nairobi kungojea cheti. Basi kwa aibu akaandika jina la marehemu kwenye mashine, akajiambia kwamba hiyo ni heshima. Mjaluo mzima, aliyezaliwa na kulelewa Ndhiwa, akijua vizuri kwamba jina la marehemu hupewa mtoto, kwamba likishatolewa mwenyewe huja kukaa hapo lilipo, na kwamba mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba! Kuna kusoma kunakomfanya mtu mjinga kabisa.

Mtoto alipozaliwa alikuwa wa kiume. Abuto akamwita Levis kwa sababu lilimpendeza, na akawakataza watu wa nyumbani kuja kumwitia mtoto majina ya wazee hadi anyamaze kwa lile analolitaka. Aliyaita hayo mambo ya ushamba. Sasa mtoto alikuwa na siku kumi na mbili, na kwa siku nne alikuwa amekataa ziwa. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Alilishwa matone ya maziwa kwa kijiko, akayatema.

"Baba Levis, mtoto anaisha," mke wake, Phelesia, alinong'ona asubuhi iliyofuata, Alhamisi. "Angalia, hata hii fulana imekuwa kubwa."

"Atanyonya tu."

"Umesema hivyo tangu Jumapili."

Abuto alichukua mkoba akaenda kazini. Mchana alimwita Joyline mbele aonyeshe wenzake jinsi mashine inavyosoma mwandiko. Msichana akashika kijiti cha kuandikia, akaandika jina lake juu ya kioo, herufi moja moja. Yakatokea maneno mengine.

"Mwalimu, mimi nimeandika Joyline. Hii ni nini?"

Abuto akasoma: *Ne in kanye?* Joyline alikuwa Mkisii, na Kijaluo hakujua hata cha kununulia samaki.

"Inasema aje, Mwalimu?"

"Inauliza..." Akayasoma tena maneno yale. "Inauliza, ulikuwa wapi."

Joyline akaandika jina lake tena, na yale maneno yakarudi, kisha akaweka kijiti chini na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ubao, lakini maneno yakaendelea kujiandika bila mkono, mstari chini ya mstari, ulikuwa wapi, ulikuwa wapi, mpaka kioo kikajaa na kuanza kusogea juu chenyewe, na harufu ya miwa iliyoungua ikawa nzito kiasi kwamba wa nyuma walianza kukohoa, na katikati ya kikohozi chao kikasikika kikohozi kingine, kizito, cha mwanamume mzima, karibu kabisa na meza ambapo hapakuwa na mtu ila Abuto.

"Hii kitu iko na jini," Machuki alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu, si mchezo. Toa betri."

"Nukuu zote za muhula ziko humu. Mtihani uko humu. Sina nakala nyingine."

Mmoja mmoja wanafunzi wakakusanya madaftari wakatoka.

Alipofika nyumbani saa kumi na moja alimkuta Shangazi Leonida, dada ya marehemu baba yake, amekaa sebuleni na mtoto mapajani. Phelesia alikuwa amemwita kutoka Ndhiwa bila kuomba ruhusa ya mtu. Mtoto alilia kwa sauti iliyokwaruza, sauti ya mtu aliyechoka kuishi, na mama mzee alikuwa akimwitia majina taratibu. Babu mzaa baba: mtoto akalia. Mjomba aliyezama ziwani: akalia.

"Ong'ele," akaita Leonida.

Mtoto akanyamaza. Akageuza uso, mdomo wazi, akitafuta. Na ndani ya mkoba wa Abuto mashine ikaitika mlio mmoja. Mtoto akakunja uso, akaanza kulia upya.

Leonida aliutazama mkoba. "Nani amepewa hili jina?"

"Shangazi..."

"Abuto. Nani?"

"Niliandika kwa mashine. Nilitaka kumkumbuka."

"Hukuja kumzika, halafu ukamlaza kwa chuma." Hakupaza sauti. "Mtoto anamngoja, yeye hawezi kutoka. Mtoe."

Abuto aliukumbatia mkoba. Ni aibu kulisimulia hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. "Nipeni mpaka asubuhi ninakili mtihani."

"Hana asubuhi huyu!" Phelesia alisema. Akamnyang'anya mkoba, akaivuta mashine, akafungua kifuniko cha nyuma kwa kucha, na betri mbili zikaanguka sakafuni.

Kioo hakikuzima. Dakika ile aliyoifundisha Abuto mara nyingi darasani ilipita, ikapita nyingine, na mashine isiyo na betri iling'aa mkononi mwa Phelesia ikiandika haraka kuliko jicho linavyosoma, na harufu ya miwa ikajaa sebuleni mpaka macho yakawasha, na kikohozi kile kikatoka kwenye kona, kikapita nyuma ya kiti cha Abuto polepole, kikasimama shingoni mwake hadi akahisi joto la pumzi, kisha kikavuka chumba kuelekea mapajani mwa Leonida, na kioo kikawa cheusi.

"Ong'ele," shangazi akaita mara ya pili.

Mtoto alipiga chafya. Phelesia akampokea, akampa ziwa, na yule mtoto akanyonya kwa nguvu, maziwa yakimtiririka shavuni. Phelesia alilia kwa furaha. Abuto naye alilia, akanyoosha mikono ambebe mwanawe.

Mtoto aliliacha ziwa. Alimtazama Abuto usoni, mtazamo mtulivu wa mtu anayekujua, halafu akakakamaa mwili mzima na kupiga yowe hadi midomo ikawa ya buluu. Aliporudishwa kwa mama yake alinyamaza papo hapo.

"Hiyo nayo inatolewa na nini?" Abuto aliuliza.

Leonida alikuwa anajifunga leso kiunoni, tayari kwa safari. "Hakuna cha kutoa. Huyo ni kaka yako. Ngoja akusamehe, kama atasamehe."

Walijaribu tena kumbebesha Abuto wiki hiyo, na mwezi uliofuata, na mwaka mzima. Mtoto alinenepa, akatambaa, akacheka na kila jirani. Baba yake akiingia tu mlangoni, anaacha kula. Phelesia hakumchukia mume wake, alichoka tu. Ikawa kila jioni anapakua ugali, anaufunika, anauweka kwenye kiti kando ya mlango, halafu anaita kwa upole ili mtoto asishtuke.

"Baba Ong'ele, chakula kiko tayari. Kula huko nje."