Shahidi Aliyeshuka na Radi

Shuka la mama mkwe lilikuwa limeungua, na alama ilikuwa ya kiganja.

Mshonaji alilitandaza mezani karibu na cherehani, akaliinamia. Kwa miaka kumi na miwili ya kunyoosha nguo za watu, alama ya pasi aliijua hata gizani, na hii haikuwa ya pasi. Tena pasi yake ya mkaa ilikuwa haijawashwa tangu siku ya moto. Nani alete nguo kwa mwanamke anayedaiwa kuteketeza mashamba ya kijiji kizima?

Moto ule uliletwa na radi. Wiki tatu nyuma, saa tisa mchana, ilipiga mti ulio nyuma ya nyumba bila hata tone la mvua, na aliyeiona ni yeye peke yake. Wenzake walikuwa upande wa pili wa kilima. Mlio waliusikia, ila kule kuna machimbo ya mawe na baruti hulia kila wiki, basi nani ashtuke? Walipofika, nyasi, mahindi na maghala vilikuwa vinawaka. Mumewe, fundi pampu, alikimbilia kisimani kuwasha mashine ya maji, hakurudi. Watu wakatafuta wa kumbebesha lawama, na mama mkwe akawaonyesha kwa kidole shimo la majivu ya pasi lililokuwa karibu na ule mti.

"Mwanangu kauawa na majivu ya mkewe," alisema, ikatosha. Kesho asubuhi wangekutana kwenye ghala la pamba lililonusurika kuamua kama Mshonaji afukuzwe.

Aliliacha shuka, akamchukulia mama mkwe maji. Siku ya nne sasa bibi huyo alikuwa kalala kaugeukia ukuta. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Bibi aligeuka, akanywa, na maji yakachemka kooni mwake, Mshonaji akiyasikia kabisa.

"Mkwe," sauti ikasema, nzito, wala si ya bibi. "Majivu yako hayana kosa."

Kikombe kilimtoka mkononi. "Wewe nani?"

"Nilishuka na ile radi. Mti ukaungua, nikakosa pa kukaa. Huyu akaja kumlilia mwanawe pale kwenye kisiki, mdomo wazi. Nikaingia."

"Unataka nini kwetu?" alinong'ona.

"Kukaa. Kesho nipeleke ghalani, nitawaambia wote moto ni wangu. Ila usimwite tabibu."

Mshonaji alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi sana, maana alijiona tayari amesimama mbele ya wale waliomfukuza kisimani na wale waliomtemea mate siku ya mazishi ya mumewe mwenyewe, na bibi huyuhuyu aliyemchongea akimsafisha kwa mdomo wake huohuo, wote wakiinamisha vichwa; na alikuwa bado katika furaha hiyo mkono wake ulipofunua blanketi na kuona miguu ya bibi, myeusi mpaka vifundoni, ikipasukapasuka taratibu kama mkaa unaopoa.

"Atafika kesho?"

"Mdomo utafika."

Kisha, chini ya sauti ile, ikaja nyingine, ndogo, ya bibi mwenyewe. "Naungua. Jamani, naungua."

Mshonaji alimchukia mwanamke yule. Alimchukia huku akifunga kanga, huku akikimbia njia nzima mpaka kijiji cha pili kwa tabibu.

Tabibu alifika jua likiwa bado juu. Alifukiza ubani, akalowesha nguo kwa maji aliyoyasomea, akaanza kumfunika bibi kuanzia miguuni. Jini likamtazama Mshonaji kwa macho ya bibi.

"Ngoja," Mshonaji alisema. "Niite majirani kwanza. Liseme, halafu ulitoe."

"Ukiliacha liseme, umeliacha likae. Huyu hana muda huo. Unataka nini, binti?"

Alitazama mlangoni, kisha akaugeukia uso wa bibi. "Litoe."

Bibi alipiga ukelele ulioleta majirani mbio mpaka mlangoni, upepo wa moto ukapita dirishani ukiunguza pazia, kisha chumba kikapoa. Mshonaji alipiga magoti kitandani. "Mama, umerudi?"

Bibi aliitazama miguu yake. Akawatazama waliosimama mlangoni.

"Mtoeni huyu," alisema. "Kanimalizia mwanangu, sasa ananichoma na mimi."

"Ni jini," tabibu alisema. "Naapa, nimelitoa kwa mikono yangu."

"Na wewe umeitwa na nani?" aliuliza jirani mmoja, mwenye mashine ya kusaga. "Si yeye? Kwanza radi, sasa jini."

Kuna waliocheka. Hawakungoja kesho kumfukuza Mshonaji. Walimruhusu kubeba cherehani, na bibi akaomba kipande cha pazia kilichobaki kivutwe asimwone akipita.