Elfu Nane Hazitoshi Miaka Minne

Kila Januari mlango wangu haupumziki. Mimi ni Zuleica, karani wa shule ya sekondari hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Ninaandika majina ya wanafunzi na kutoa vyeti. Basi watu wamenifanya ofisi inayotembea. Wananifuata sokoni, wananifuata kisimani, na siku moja mtu alinifuata msibani. Swali ni lile lile: mtoto amemaliza darasa la kumi na mbili, sasa aende wapi? Anayeuliza kabla ya kuamua namjibu kwa moyo mweupe. Anayekuja baada ya kuamua ndiye anayenichosha.

Mwaka ule aliyenichosha ni jirani yangu Mamudo, muuza samaki. Alikuja asubuhi nikiwa nachoma vitumbua. Mkewe Alima alikuwa nyuma yake, uso umevimba kwa kulia.

"Dada Zuleica, tuandikie karatasi," akasema Mamudo. "Tunauza minazi. Mnunuzi anakuja Jumamosi."

"Minazi ipi?"

"Ile ya Quionga."

"Ile si ya Alima? Si aliachiwa na marehemu mama yake?"

"Ni yangu," Alima akajibu. "Minazi ishirini na miwili. Lakini mtoto anakwenda universidade. Nifanyeje, mwenzangu? Nimzibie mtoto riziki kwa sababu ya nazi?"

Habari ya universidade, chuo kikuu, niliijua. Palma nzima iliijua. Wiki mbili nyuma, Mamudo alichinja mbuzi, akawaita watu kwenye dua. Baada ya pilau akasimama, akatangaza kwamba binti yake Sumaia anakwenda Nampula kusomea sheria, atarudi doutora. Huku kwetu, mtu akimaliza licenciatura, yaani shahada ya kwanza, watu humwita doutora hata kama hajawahi kumpa mgonjwa kidonge. Tangu siku ile, Mamudo alikuwa anaitwa baba doutora, na alikuwa anaitika.

"Minazi mnauza kwa kiasi gani?" nikauliza.

"Meticali elfu sitini."

"Na universidade ni kiasi gani?"

"Elfu nane. Kaka yangu Sadique ameniletea ujumbe kutoka Nampula. Elfu nane tunalipa, zinazobaki anakula mpaka amalize."

Niliweka kijiko chini. "Elfu nane kwa nini, Mamudo? Kwa mwezi? Kwa mwaka?"

Akanitazama kama mimi ndiye sijasoma. "Kwa universidade! Ni kama mahari. Unatoa, mambo yamekwisha, unamchukua mtu wako."

"Mahari yenyewe hukumaliza," Alima akasema.

Jamani! Mtu huyu akinunua samaki, anageuza kila mmoja, anafunua mashavu, ananusa, anagombana na mvuvi kwa meticali kumi. Lakini miaka minne ya mtoto wake ameinunua kwa ujumbe mmoja wa simu. Nilikasirika, sitaficha. Niliepua kikaango, nikachukua simu, nikaitafuta namba ya universidade hiyo. Ni ya watu binafsi, na mimi ninazo namba zao zote.

Akapokea mwanamke, akajitaja kwa jina la Vânia. Niliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Elfu nane ni ya matrikula tu," akasema Vânia. "Ni kujiandikisha, na inalipwa kila mwaka. Propina, ada ya masomo yenyewe, ni mbali. Propina ni elfu nne na mia tano kila mwezi, miezi kumi kwa mwaka."

"Kwa miaka mingapi?"

"Sheria ni miaka minne. Akifeli somo, analirudia na analilipia tena. Chumba na chakula, hiyo ni juu ya mzazi."

Nikamshukuru, nikachukua kalamu. Elfu nne na mia tano mara kumi ni elfu arobaini na tano kwa mwaka. Ongeza elfu nane za matrikula, ni elfu hamsini na tatu. Zidisha mara nne.

"Mia mbili na kumi na mbili elfu," nikasema. "Na bado hajala, hajalala, hajapanda gari."

Mamudo akaikamata ile karatasi kwa mikono miwili. "Kwa hiyo minazi..."

"Minazi ingeisha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili Sumaia angerudi nyumbani. Hana cheti, na mama yake hana minazi. Nusu ya licenciatura haimpi mtu kazi, Mamudo. Hakuna anayeajiri nusu."

Alima alikaa chini palepale, juu ya kinu.

"Na ile universidade ya serikali?" Mamudo akauliza. "Si rahisi zaidi?"

"Ada yake ni ndogo, ndiyo. Lakini kuingia ni kwa mtihani, na nafasi ni chache. Mtihani wa mwaka huu umepita. Ulikuwa siku zile wewe unatafuta mbuzi."

Mamudo akaikunja ile karatasi. Na mimi nilikuwa bado sijamaliza hasira zangu. "Sasa niambieni. Sumaia mwenyewe mmemuuliza anataka kusoma nini?"

Wakatazamana. Mtoto wa miaka kumi na tisa, mbuzi amechinjwa kwa jina lake, na hakuna aliyemuuliza!

Nikamwita. Alikuja na mikono yenye grisi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameifungua friza ya samaki ya baba yake, iliyokuwa imegoma tangu jana.

"Sumaia, unataka sheria?"

Akamtazama baba yake kwanza. "Baba akitaka, nitasoma."

"Sikukuuliza baba anataka nini."

"Basi hapana, shangazi. Nataka mashine za baridi. Friza, mitambo ya barafu, vyumba vya kuhifadhia samaki. Hapa friza ikifa tunamsubiri fundi kutoka Pemba wiki nzima, samaki wanaoza. Nataka niwe mimi huyo fundi."

"Fundi!" Mamudo akapaza sauti. "Mwanangu amalize darasa la kumi na mbili, awe fundi? Watu watanicheka. Kule Afungi kwenye mitambo ya gesi wanataka madoutora!"

"Umezisoma karatasi za kazi wanazobandika?" nikamuuliza. "Mimi huzisoma. Wanataka wahandisi, na hao wametoka universidade. Lakini wanataka pia wachomeleaji, mafundi umeme, watu wa mashine za baridi. Hao wametoka chuo cha ufundi. Kila kazi ina mlango wake."

Nikawaeleza polepole, maana kelele nilikuwa nimeshazipiga za kutosha. Universidade mtu anasoma sana vitabu, anasikiliza mihadhara, anaandika. Mwisho anaandika kazi ndefu ya utafiti. Anayetaka kuwa mwanasheria, daktari au mhandisi hana njia nyingine, lazima apite huko. Chuo cha ufundi nacho kina darasa, lakini muda mwingi mkono uko kwenye kazi. Mwanafunzi anafungua mashine, anaunga nyaya, na mwisho anapelekwa kwenye kampuni kujifunza kazini. Kozi nyingine ni miezi michache, nyingine ni miaka mitatu.

"Na bei?" Alima akauliza. Swali la kwanza la maana asubuhi ile.

Tukapiga simu chuo kimoja cha Pemba. Kozi ya mashine za baridi ilikuwa mwaka mmoja na nusu. Ada elfu sita kila miezi mitatu, yaani elfu thelathini na sita kwa kozi nzima. Vifaa na viatu vya kazi, elfu tano. Jumla elfu arobaini na moja. Haifiki hata ada ya mwaka mmoja wa ile sheria ya Mamudo. Dada yake Alima, Ancha, anaishi Pemba, kwa hiyo kulala na kula kungepatikana.

"Cheti chao kinatambuliwa na serikali?" nikamuuliza yule wa chuoni. Akasema ndiyo. Sikuridhika. Nikaipigia simu idara ya elimu ya mkoa, wakathibitisha. Wako watu wanaopaka chumba rangi, wanaandika chuo mlangoni, wanakula fedha za watu.

"Elfu sita kila miezi mitatu," Alima akasema taratibu. "Hiyo naiweza. Nazi na samaki vitatoa. Mamudo, mwambie mnunuzi asije."

"Na watu je? Nimeshatangaza!"

"Ulitangaza wewe. Utatangua wewe."

Sumaia akasogea karibu na baba yake. "Baba, sijaikataa universidade. Nikipata kazi nitaiendea mwenyewe. Lakini ukiuza minazi ya mama nikashindwa katikati, nitarudi kwa uso gani?"

Mamudo alimtazama binti yake, akatoa simu mfukoni. Akampigia mnunuzi, akamwambia asije.

Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, mmoja akamuuliza doutora anaondoka lini. Alima alinisimulia baadaye. Mamudo alijibu mbele ya wote: "Haendi. Nilikosea hesabu. Anakwenda chuo Pemba kujifunza mashine za baridi." Mtu akacheka, akauliza mbuzi je. "Mbuzi mmeshamla," akasema, akaenda zake.

Sumaia alimaliza kozi kwa mwaka mmoja na nusu, hakurudia kitu. Kampuni inayopika chakula cha wafanyakazi kule Afungi ilimpa mkataba wa kutunza vyumba vya baridi. Siku za mapumziko anatengeneza friza za sokoni, na hatusubiri tena fundi wa Pemba. Minazi ishirini na miwili ipo Quionga na Alima anaangua nazi zake.

Alipofanya kazi miaka miwili, Sumaia alikwenda kufanya mtihani wa universidade ya serikali, uhandisi wa mashine. Akafaulu. Nilikuwepo siku alipowaambia wazazi wake. Mamudo akafungua kibindo palepale.

"Sema. Kiasi gani, na kwa muda gani?"

"Hakuna, baba. Nimeshaweka akiba. Yote nimelipa mimi."

"Chumba?"

"Nimelipa."

"Nauli?"

"Ninayo."

Mamudo akasimama na fedha zake mkononi, amekasirika kweli. "Sasa mimi ni baba wa kazi gani?" Akageuka upande ili tusimwone.

Sumaia akamshika mkono. "Nisindikize mpaka kwenye gari, baba. Begi ni zito."

Akalichukua, akalibeba mwenyewe njia nzima, na hakumtangazia mtu.